Mlinda Amani Mezani Kwangu

Binti yangu mkubwa alipotuambia kwamba baba wa mchumba wake anakuja kutoka Tanzania kujitambulisha, nilisafisha nyumba utadhani anakuja kuinunua. Mume wangu alipanda ngazi kubadilisha balbu ambayo haikuwa imeungua. Binti yetu mdogo, aliyezaliwa hapa hapa Birmingham na ambaye anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alituuliza kama huyo mgeni ni rais.

Mchumba mwenyewe tulikuwa tumeshamzoea. Ni nesi, kijana mpole wa Morogoro, anayekula sombe yangu sahani mbili kila akija kwetu Kingstanding, huku akishikilia kwamba jina lake halisi ni kisamvu. Kuhusu baba yake alisema tu kwamba ni mwanajeshi mstaafu. Wanajeshi wastaafu wako wengi duniani. Sikuuliza zaidi.

Mzee alifika Jumamosi mchana, mvua ikimsindikiza. Alikuwa mrefu, amevaa koti la mwanawe ambalo mikono yake iliishia mbali kidogo na viganja. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akampa mume wangu mkono, kisha akanigeukia.

"Habari za hapa, mzazi mwenzangu?"

"Muzuri, Papa. Karibuni, mukae. Mulikuya na hii mvua yote?"

Akasimama palepale, mguu mmoja kwenye zulia. "Hicho Kiswahili nakijua," akasema. Akautaja mji wetu, ule wa kando ya ziwa, mashariki ya Kongo. Hapa Uingereza hakuna aliyewahi kuutaja mji ule mbele yangu bila mimi kumfundisha kwanza namna ya kuutamka.

"Ulikuyaka kule na biashara?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Nilikuwa na wale walinda amani wa kofia za bluu."

Nikasema wali wangu unaungua, nikaenda jikoni.

Niseme kwanza wale watu walitujiaje. Kabla yao mji wetu ulikuwa mikononi mwa mbabe mmoja wa vita. Alikuwa na vijana wenye bunduki kila kona, na hakuna gunia la unga wa msaada lililotufikia kabla yeye hajala sehemu yake. Basi majeshi ya kigeni yalipokuja kulinda malori ya chakula, tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Walituletea maji kwa lori. Walicheza mpira na vijana wa mtaa wetu, wakafungwa, na hawakununa. Wengine walikuwa wanasema Kiswahili, tena Kiswahili cha redioni, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Sisi wanawake tulikuwa tunawasalimia ili tu tuwasikie wakijibu. Hata yule mbabe mwenyewe alikwenda kuwapa mkono wakubwa wao, tukamwona akicheka nao.

Kisha wakaanza kuulizia silaha. Wakaingia kwenye ghala lake moja, wakatoa masanduku mbele ya watu wote. Haukupita muda, vijana wake wakawavizia njiani wakati wanarudi kambini, na kadhaa wakauawa. Asubuhi iliyofuata tulipanga madumu yetu kama kawaida, lakini lori la maji halikuja. Yalikuja magari ya deraya. Sasa amri ilikuwa kumkamata yule mbabe, na yeye alikuwa amejificha katikati yetu, leo nyumba hii, kesho ile. Kwa hiyo vita vikamfuata huko huko, kwenye vichochoro, juu ya mapaa, ndani ya nyua za watu. Kijana wa kigeni aliyekuwa akidaka golini tulipocheza nao nilimwona amelala nyuma ya ukuta wa shule, bunduki yake inatazama mtaa wetu. Majirani waliokuwa wakishangilia wakaanza kurusha mawe.

Mimi na binti yangu mkubwa, wakati huo bado mtoto wa shule ya msingi, tulikuwa chini ya meza. Mume wangu alikuwa amekwama ng'ambo ya mji. Nikasikia ukuta wa chumba cha kulala unagongwa kutoka upande wa jirani. Tofali likaanguka, na jingine, na jingine. Barabara ilikuwa inanyeshewa risasi, kwa hiyo askari walikuwa wanapita ndani ya nyumba zetu, wanatoboa ukuta mmoja baada ya mwingine. Tundu likafika kiasi cha kupitisha mtu. Na kabla hajaingiza kichwa, yule askari wa mbele, uso wake mweupe kwa vumbi, akasema:

"Hodi!"

Na mimi, Mungu ni shahidi, mdomo wangu ukajibu, "Karibu!"

Wakapita wote juu ya kitanda changu na mabuti yao. Wa mwisho alisema, "Samahani, mama." Kisha wakautoboa ukuta wa pili, wakatokea kwa jirani mwingine.

Miaka yote niliisimulia habari hiyo kwa hasira. Waliokuja kutulinda walinivunjia nyumba pande mbili, na hakuna aliyerudi kuziba.

Binti yangu akanifuata jikoni. "Mama, usimfukuze."

"Nani anafukuza mtu? Naangalia wali."

"Wali ulishaiva."

Nikaubeba wali. Tukakaa, mume wangu akaombea chakula, tukaanza kula. Nilijizuia mpaka nusu ya sahani.

"Papa," nikasema, "mulikuyaka na maji. Juu ya nini mulimalizaka na bunduki?"

Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Mzee akaweka kijiko chini.

"Mama, hata mimi nilijiuliza kwa nini. Tulipoondoka nyumbani tuliambiwa tunakwenda kulinda chakula. Mimi ndiye niliyekuwa refa tulipocheza mpira na vijana wenu. Siku waliyotuvizia, mwenzangu niliyelala naye hema moja hakurudi. Kulipokucha nikaambiwa, vunja mlango huu, pekua ule. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa. Mtu mwenye hayo mawili asipewe mtaa wa watu. Lakini tulipewa."

Kijana wake alikuwa anamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Nadhani hakuwahi kuyasikia hayo.

"Na mbabe hamkumpata," mume wangu akasema, kwa sauti ya upole.

"Hatukumpata. Mpaka leo sijui alitorokea njia gani."

Mimi na mume wangu tukatazamana. Mji mzima ulijua.

"Alipita pale kwenye kanisa kubwa," mume wangu akasema. "Amevaa kitenge. Na kilemba. Na kapu la sambaza kichwani."

"Samaki wale wadogo?"

"Wale wadogo."

Mzee aliisogeza sahani yake kando. "Kizuizi cha kanisani," akasema polepole, "kilikuwa changu. Tuliambiwa tupekue wanaume. Kina mama tulikuwa tunawapisha kwa heshima." Akafunika uso kwa viganja. Nikafikiri analia, nikaanza kunyanyuka, kumbe anacheka. "Mwenye kapu la samaki! Mimi nilimsaidia mmoja kuvuka mtaro! Mama mmoja mnene, anaona haya, hasemi kitu!"

Basi tena. Mume wangu alipaliwa na maji. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukingo wa meza. Binti mdogo alidai kwa Kiingereza tumwambie kinachochekesha, na kila aliyejaribu kumweleza alishindwa kufika mwisho.

Tulipotulia ndipo nikamsimulia habari ya ukuta. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Huyo si mimi," akasema. "Siku hiyo mimi sikufika mtaa wenu. Lakini hiyo hodi ni ya kwetu. Na wewe ukamjibu karibu?"

"Nilijibuka."

Akatikisa kichwa, kisha akasimama, mzee mzima, na koti lake fupi. "Pole, mama. Pole ya nyumba." Akamgeukia binti yangu. "Na wewe mwanangu, pole ya chini ya meza." Binti yangu akainamisha kichwa. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu mwenye kofia ya rangi yoyote aliyekuwa ametuambia pole. Nilimwongezea sombe nisijue la kufanya na mikono yangu.

Harusi ilifanyika miezi michache baadaye, katika kanisa tunalosali, huko Aston, jirani na uwanja wa mpira. Katika kamati nzima hakuna aliyekumbuka kuangalia kama kuna mechi. Ilikuwapo. Magari yetu yalikwama kwenye bahari ya skafu, maelfu ya watu wakielekea uwanjani, na sisi tunaelekea kinyume chao. Bibi harusi alianza kutokwa na machozi yaliyotishia vipodozi vyake. Mzee akafungua mlango, akashuka barabarani na suti yake mpya, akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kuwapanga mashabiki: ninyi huku, ninyi kule. Nikajua leo tunapigwa. Badala yake umati ukagawanyika katikati. Jamaa mmoja mwenye kitambi na kopo mkononi akauliza kuna nini, na binti mdogo akamweleza. Basi wakaanza kuimba, wimbo wanaowaimbia wachezaji wao, ila mahali pa jina la mchezaji wakatia "bibi harusi" kwa Kiingereza.

Binti yangu akakunja gauni, akashuka, akaenda kwa miguu. Sisi nyuma yake na vitenge vyetu, Mkenya rafiki yangu wa kazini akipiga vigelegele ambavyo hata mashabiki walijaribu kuviiga, wakashindwa.

Kanisani mchungaji alifupisha mahubiri kwa sababu ya kuchelewa. Alipomuuliza binti yangu kama anakubali, akasema ndiyo, na sekunde hiyohiyo uwanja ukalipuka kwa goli, madirisha yakatetemeka. Hakuna aliyemsikia. Mchungaji akangoja kelele zipungue, akamwomba arudie, naye akarudia kwa sauti kubwa, akicheka, huku mzee wa Morogoro, pale benchi ya mbele, akiniuliza kwa kunong'ona kama ninajua ni timu gani imefunga.