Mama Stoo na Sufuria Zilizopotea Njia

Sufuria niliyorudishiwa haikuwa yangu. Niliijua kwa uzito tu, hata kabla sijaitua chini. Yangu, ile niliyopewa na mama siku naolewa, ilikuwa nene, ina bonde ubavuni ilipowahi kuanguka kisimani, na uji ukiupika asubuhi unakaa moto mpaka mtoto aamke. Hii ilikuwa nyepesi kama karatasi. Aliyeniletea ni shangazi yake mume wangu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Stoo.

"Haya mama, chombo chako hicho," alisema pale mlangoni, akageuka akaenda zake. Hakuuliza mtoto kaamkaje, na mtoto nilikuwa nimempakata mbele yake, ananyoosha mikono.

Nikaiweka jikoni. Yeye ni mkubwa wangu, na mimi pale nimeolewa tu. Lakini moyoni nikasema, na huyu naye kaanza.

Chama chetu cha kijiji ndicho kinachoendesha shughuli zote: arusi, misiba, siku ya kusafisha kisima, siku ya kuwalisha wazee, na siku ya michezo, ambapo wanawake huwavuta wanaume kwenye kamba na wanaume husingizia utelezi. Chama hakina vyombo vyake. Kila nyumba hutoa sufuria, ndoo, bakuli. Zamani, nasikia, shughuli ikiisha wanawake waligombania vyombo mpaka vilemba vikavuliwa vichwani, ndipo ikawekwa kanuni: siku ya shughuli hakuna kugusa chombo chako mwenyewe. Vyote vinaoshwa pamoja bombani, nyuma ya ukumbi, vinaingizwa stoo, na kesho yake mtu mmoja tu, mwenye ufunguo, anavirudisha nyumba kwa nyumba.

Mtu huyo alikuwa shangazi, tangu mume wangu hajazaliwa. Alifiwa na mumewe mapema, akabaki na mtoto mmoja wa kiume ambaye sasa ni dereva mjini. Nyumba yake ya chumba kimoja imepakana na ukumbi, na ufunguo wa stoo huuvaa shingoni kwa kamba, hata akienda kuoga. Nilipokuja kijijini nikiwa mgeni simjui mtu, yeye ndiye aliyenichekesha wa kwanza. Alikuja na sufuria kichwani, akapiga hodi, akasema: "Nimewaletea mtoto wenu. Ameoga, ameshiba, msimpige." Kumbe ndivyo alivyosema kila nyumba. Kila chombo kwake kilikuwa mtoto wa mtu.

Utani huo uliisha ghafla, na watu tukaona.

Mambo yaliharibika mwaka ule katibu wa chama alipoleta rangi. Katibu ni fundi rangi, kijana mzuri, hana baya na mtu. Kabla ya hapo kila nyumba ilikuwa na alama yake: uzi kwenye mpini, waya, pengo la msumari ukingoni. Katibu akasema nyuzi zinashika uchafu na waya unashika kutu. Akaja na mabaki ya makopo yake, akatupaka vyombo vyote pale uwanjani: huyu doa jekundu, huyu la kijani, huyu mawili ya buluu. Tulifurahi kama watoto. Tukakata nyuzi, tukafungua waya. Wenye mapengo wakayanyoosha kwa nyundo.

Tangu hapo kila shughuli ikiisha, kuna nyumba inarudishiwa kisicho chake.

"Mbona zinazopotea ni nzuri tu?" aliuliza fundi cherehani siku moja tukiwa bombani. Yeye ni jirani yangu, mwanamke mwenye ulimi, na mashine yake iko barazani, hakuna anayepita asipimwe kwa jicho. "Mimi nimepeleka ndoo mpya, nimerudishiwa inayovuja. Ndoo inaweza kuzeeka usiku mmoja?"

"Labda ilifanya kazi sana," mke wa muuza mkaa akasema, na wote wakacheka.

"Chekeni. Mtacheka mkikuta masufuria yenu sokoni. Na wewe, Mama Kibonge, unanyamaza kwa sababu ni shangazi yenu?"

Kibonge ni mwanangu, tulimwita hivyo kwa sababu ya mashavu. Nilijifanya namfunga vizuri mgongoni. Nilinyamaza kweli, lakini macho yangu hayakunyamaza. Nilishaanza kumchunga.

Niliona kwamba siku hizi ananipita njiani kimya. Nikimwamkia, "Shikamoo shangazi," anashtuka kama mtu aliyefumaniwa, ndipo anaitika, "Marahaba, marahaba mama," kwa haraka. Niliona akimimina chai anatia ncha ya kidole ndani ya kikombe. Nikachukia, nikasema hata adabu zimemtoka. Na zaidi ya yote, niliona akiingia stoo anajifungia kwa ndani, mchana kweupe, bila hata taa. Ukipita unasikia vyuma vinagongana taratibu mle gizani. Mtu mwema anafanya nini gizani na sufuria za watu?

Baada ya siku ya michezo, chama kikaitisha mkutano wa Jumapili. Ajenda hakuna aliyeitaja, ila kila mtu aliijua: ufunguo.

Jumamosi nikaenda ukumbini na mtoto mgongoni, eti nateka maji. Mlango wa stoo una ufa mahali ambapo mbao zimeachana. Niliinama nikachungulia.

Shangazi alikuwa amekaa chini katikati ya vyombo. Alichukua mfuniko, akausogeza mpaka kwenye mwanga mwembamba ulioingia kwa ufa, akaunusa. Akaunusa tena pembeni, palipo na rangi. Kisha akaupitisha shavuni. Akauweka, akachukua sufuria, akaigusa kwa ulimi.

Nikasema basi, si wizi, ni uchawi. Nilitaka kukimbia, lakini Kibonge akapiga chafya.

"Nani?" Alifungua mlango. Alisimama mbele yangu, naweza kumgusa. Sikujibu, si kwa ujanja, ni kwa woga. Jua lilikuwa linanipiga usoni. Akanitazama, kidogo juu ya bega langu, akasema tena, "Nani hapo? Si nimesikia mtu?"

Nikamwelewa pale pale: njiani kimya, kidole kwenye kikombe, yote.

"Ni mimi, shangazi."

"Mimi nani?"

"Mama Kibonge."

Akanivuta ndani, akafunga mlango.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Yamekuja polepole. Kwanza kama moshi. Sasa namwona mtu kama kivuli cha mtu." Alikaa. "Giza humu halinisumbui, mama. Nje ndiko kunanichoma. Uzi nilikuwa naushika. Waya naushika. Huu wa nyumba ya chini, huu wa fundi cherehani, naongea nao. Haya madoa ya katibu ni laini kama mgongo wa samaki. Nikasema labda nyekundu inanuka tofauti na kijani." Akacheka kidogo. "Hainuki tofauti. Ladha pia ni moja."

"Kwa nini usiseme? Wanakuita mwizi!"

"Najua wanachoniita. Masikio yangu mazima."

"Sasa?"

"Mwanangu aliniambia zamani, mama, siku macho yakikushinda nakuja kukuchukua, huwezi kukaa peke yako. Ni mtoto mwema, atakuja kweli. Ataniweka kwenye kile chumba chao juu ya ghorofa, nikae kitandani nisubiri kuletewa sahani." Alitafuta mkono wangu, akaukosa, akaupata. "Wakisema mwizi, watanisema, watachoka, nitabaki na mlango wangu. Wakijua sioni, kesho yake niko kwenye gari. Niache niwe mwizi, mama. Nakuomba."

Sikulala vizuri. Sikumwambia hata mume wangu, maana yule dereva ni binamu yake, wanapigiana simu.

Jumapili ukumbi ulijaa. Fundi cherehani alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza kukohoa.

"Mimi sina maneno mengi. Ufunguo utoke shingoni."

"Utoke!" wakaitikia nyuma.

Shangazi alikaa benchi la mbele, mgongo umenyooka, ameshika kamba ya shingoni kwa mikono miwili. Hakujitetea. Kwa watu, huko kulikuwa kukiri.

Nilisimama. "Mwenyekiti, naomba nimsaidie stoo. Niwe naingia naye, natoka naye."

Ukumbi mzima ukacheka.

"Mwizi kapata mwanafunzi!" mtu akasema.

"Damu moja hao, watagawana," akasema mwingine. Fundi cherehani hakucheka. Alinikata jicho kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara zangu.

Mwenyekiti ni mtu wa kupenda mambo yaishe. Akasema sawa, wawe wawili mpaka siku ya wazee; kikipotea hata kijiko, ufunguo unarudi kwa chama na wote wawili tusitie mguu jikoni tena.

Siku ya wazee ilipokaribia, vyombo vilipoanza kuletwa, tulijifungia stoo. Nilichukua msumari na jiwe. Mimi nasoma rangi, namwambia nyumba. Yeye ananionyesha pa kupiga, chini ya mpini, mahali pasipoonekana. Kila nyumba vishimo vyake, idadi yake na mpangilio wake. Alivipapasa kwa kidole gumba, midomo inacheza, kama mtu anayejifunza majina ya wajukuu. Kibonge alikaa ndani ya beseni akipiga kelele, na kelele zake zikafunika za jiwe. Nje nilisikia nyayo zikija, zikasimama, zikaondoka. Nani, sijui.

Shughuli ilienda vizuri. Wazee walikula, mmoja akalazimisha kucheza ngoma na fimbo yake. Kesho yake tukazunguka, yeye mbele, mimi nyuma na mzigo. Kila mlango watu walikagua chombo chao kama askari. Rangi ndiyo, mpini ndiyo. "Nimewaletea mtoto wenu," shangazi alisema, "ameoga." Wengine walitabasamu bila kutaka.

Kwa fundi cherehani nilimwomba shangazi asubiri barazani, kuna ngazi mbaya mlangoni. Niliingia jikoni na ndoo. Fundi cherehani akaipindua, akaipitishia mkono, kidole kikasimama chini ya mpini.

"Hivi vishimo ni vya nini?"

"Alama."

"Alama si rangi?"

"Rangi inabanduka, dada."

Alinitazama. Mimi sikumtazama, nilikuwa natazama ukutani nyuma yake. Sufuria nene ilikuwa inaning'inia pale kwenye msumari, ina bonde ubavuni. Kumbe ilikuwepo siku zote. Na wangapi wengine waliorudishiwa kizuri kuliko chao wakafunga mdomo, huku wanapiga kelele mkutanoni?

"Ile pale," nikasema, "ina doa la nani?"

Aliishusha taratibu. Doa lilikuwa langu, halijabanduka hata kidogo.

"Ililetwa tu," akasema. "Ningejuaje?"

"Kweli, dada. Ungejuaje."

Nilitoka nayo. Shangazi aliipokea mikononi mwangu bila kuambiwa, kidole chake kikakimbilia kwenye lile bonde. "Ah! Huyu mtoto wa mama yako. Alikuwa wapi?"

"Alipotea njia."

Ufunguo ungali shingoni kwake. Mwanawe alikuja mara moja, akamkuta anagawa bakuli na kuwataja wenyewe kwa sauti, akarudi mjini ameridhika. Mimi ndiye watu wanayemchunga sasa. Nikitoka stoo wanatazama kanga yangu kama imevimba.

Juzi tukiwa bombani nilimwona fundi cherehani amefumba macho. Alikuwa ameshika sufuria ya mtu, anapitisha kidole chini ya mpini, anarudia. Kisha akafumbua macho, akamtazama shangazi aliyekuwa anamimina chai, kidole kikombeni. Akanigeukia mimi.

"Mwambie shangazi yako chai yangu nitajimiminia," akasema, "asije akaungua."

Amejua. Tangu juzi nasubiri nione kama atasema.