Kalete Mzazi

Katika shule zetu shida yoyote ya mwanafunzi ina dawa moja: kalete mzazi. Umechelewa, kalete mzazi. Umepigana, umetoroka, umelia darasani bila sababu, kalete mzazi. Nilisomeshwa hivyo na sikuwahi kuuliza kwa nini, mimi ninayeuliza kila kitu. Niliuliza siku ile, upande wa Makuyuni, kwa sababu kijana aliyekuwa anatumwa kumleta mzazi alikuwa ametoka kuniambia kwamba hataki kuendelea kuishi.

Nilikuwa mshauri wa kujitolea, na shahada yangu ya saikolojia bado mpya. Kila wiki nilitoka hospitalini Korogwe kwenda kuwasikiliza wanafunzi wa shule ile ya bweni. Kijana huyu alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa wafugaji wa nyika za Handeni. Sababu zake sitaziandika, si zangu. Hata haya machache nimeyageuza asitambulike, na bado sina hakika kama nina haki nayo.

Nilisimama mlangoni, macho kwake, nikampigia muuguzi wa afya ya akili aliyekuwa akinisimamia.

“Usimwache peke yake, hata akienda chooni,” alisema. “Umlete leo. Na kabla hujamwambia mtu yeyote, mwambie yeye kwanza utasema nini.”

Sijakata simu vizuri, makamu mkuu wa shule akatokea. “Dokta wa mawazo, umemaliza? Huyu hali, halali, bweni zima linamwogopa. Basi la Handeni linakaribia kupita. Aende akalete mzazi.”

Nilimwomba asubiri nje. Alisubiri, lakini kwa kuguna.

Nikamwambia kijana kwamba nitamweleza makamu jambo moja tu: maisha yake yako hatarini, asiachwe peke yake. Mengine yatabaki.

“Si ulisema ni siri?”

“Nilisema ni siri, isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Tulipoanza nilikuambia.”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Kumbe yale maneno yalikuwa na maana? Nilidhani ni kama ile sala ya kufungulia kikao.”

Chuoni tulifanyia mtihani maneno yale. Hakuna aliyetufundisha namna ya kujua kama mtu ameyasikia. Nilitaka kubishana na mtu, na hapakuwa na mtu wa kubishana naye ila mtoto aliyechoka.

Nilipomweleza makamu pale mlangoni, macho yangu bado kwa kijana, alinikatiza. “Hatari gani? Msichana? Bangi?”

“Siwezi kusema zaidi, mwalimu.”

“Mimi nimemlea huyu tangu kidato cha kwanza. Wewe umekuja juzi!”

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikera. Ni nani aliyeamua kwamba mgeni asikie na mlezi azuiwe? Lakini kijana alichagua kumwambia mgeni, labda kwa sababu hiyo hiyo.

“Mwalimu, akipanda basi lile peke yake, huenda asifike.”

Makamu alitoa simu mfukoni. Akampigia mtu, akafoka gari la shule liletwe, ndiyo, sasa hivi, kuni zishushwe hapo hapo. Njiani kwenda hospitalini alikaa nyuma na kijana, wamebanana, akimsimulia mechi za timu ya walimu walizofungwa vibaya. Kijana hakucheka. Makamu aliendelea kusimulia.

Baba wa kijana aliitwa kwa simu, akafika jioni, shuka begani, vumbi hadi magotini. Nikamwamkia.

“Marahaba. Mwanangu amesema nini?”

“Muuguzi atakueleza hali yake ya kiafya, mzee. Aliyoniambia mimi, atakuambia mwenyewe akitaka.”

“Umesoma mpaka chuo kikuu ili ujifunze kunyamaza?”

“Ndiyo, mzee.”

“Kunyamaza hata ng’ombe wangu wanajua.” Akanipita, akaingia alikokuwa mwanawe. Nilibaki kwenye korido nikienda na kurudi, hadi mlinzi akaniuliza kama na mimi nimelazwa.

Muuguzi akamchukua kijana. Kijana alitaka mtu mwingine wa kuzungumza naye, si mimi, na hilo lilikuwa juu yake kuamua. Baada ya majuma kadhaa nilishindwa kujizuia, nikamuuliza muuguzi.

“Mama, yule kijana anaendeleaje?”

“Kijana gani?” alisema, akiendelea kupanga dawa kabatini.

Nilikasirika siku nzima. Mimi niliyewazuia mwalimu na baba, sasa nami nilikuwa nje ya mlango.

Muhula uliofuata nilimwona shuleni kengele ikilia. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinipita karibu kabisa bila kuniamkia, jambo ambalo mwanafunzi wa kule halifanyi kwa bahati mbaya. Kisha mwenzake akamvuta shati, wakakimbia pamoja kuingia darasani, wamechelewa.