Chumbani kwa Mama Mkwe

Juzi, jirani na soko la Shinyanga, nilikata njia katikati ya kiwanja kitupu, pale ilipobomolewa ile nyumba kuukuu ya matofali yenye baraza ndefu. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli nyuma yangu akazunguka kandokando.

“Shikamoo baba. Mbona unajichosha? Nyumba haipo tena.”

“Marahaba. Najua haipo.” Akaonyesha kwa kidevu pale miguuni pangu. “Lakini hapo uliposimama ni chumbani kwa mama mkwe wangu. Nitapitaje?”

Nikaona haya. “Mlango ulikuwa wapi?”

Akaonyesha upande wa barabara, nami nikatokea hapo hapo.

Waliotumwa kuibomoa walisema kazi imekwisha. Hawakumuuliza mkwe huyu mwenye baiskeli.