Kiti cha Katikati

Nilitaka kitu kimoja tu katika safari ile: kukaa karibu na dirisha kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa bila mtu kuniita. Sikuomba hoteli wala zawadi. Mtoto wetu alikuwa na miezi minane, na tangu azaliwe sikuwa nimekaa mahali nikanyamaza. Nyumbani Likasi, hata nikiwa ninaoga, kuna mtu amesimama nje ya mlango anauliza biberon ya maziwa ya mtoto iko wapi.

Dada yangu mkubwa anaishi Kinshasa, na ndiye aliyetualika likizo ya Julai, shule ninayofundisha mtaani Panda ilipofungwa. Mume wangu akapata ruhusa kiwandani. Nikaanza kuiota ile ndege na lile dirisha. Ndipo mama yangu akasema na yeye anakuja, maana ana miaka mingi hajamwona binti yake. Nani anamkatalia mama yake? Nikamwambia karibu, mama, halafu nikaenda jikoni nikaketi juu ya ndoo, kwa sababu nilijua kinachonijia.

Sisi asili yetu ni Kasai. Mababu zetu waliletwa huku kuchimba shaba, wakazaa, wakazikwa huku huku. Mimi Kasai sijaiona. Mama hajaiona. Mume wangu naye ni mtoto wa Likasi, Kasai anaisikia kwenye matanga tu. Lakini desturi ya ukwe tumeishika kwa meno. Mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mikono, hawaangaliani machoni, mmoja hali mbele ya mwenzake. Hawaambiani neno moja kwa moja. Kitu hakitoki mkononi mwa huyu kikaingia mkononi mwa yule. Si chuki, ni heshima, na hao wangu wawili wanaheshimiana kupita kiasi. Mume wangu akimwona mama anakuja barabarani, huingia duka lolote lililo karibu. Siku moja alirudi nyumbani na kofia ya kike.

Basi heshima hiyo inahitaji mtu wa katikati wa kupokea na kupitisha. Chakula, habari, simu, mtoto, vyote vinapita kwangu. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Walisahau kusema kwamba hata tembo wakiheshimiana, nyasi hazina usingizi.

Kwenye uwanja wa ndege wa Lubumbashi, binti aliyekuwa anapima mizigo alimtazama mtoto akatabasamu. "Famille? Ntabaweka pamoja."

"Hapana," nikasema haraka. "Mama yangu umuweke mustari ingine. Mbele ao nyuma, popote."

Mama akanivuta nguo. "Minye sijapanda ndege hata siku moja. Unataka niikale na bantu benye sijue?"

Binti akabonyeza bonyeza mashine yake akasema ndege imejaa, vimebaki viti vitatu vya mstari mmoja. Mama akapewa dirisha, kwa sababu ni mama na ni mara yake ya kwanza. Mume wangu akapewa kiti cha kando ya njia. Katikati nikabaki mimi na mtoto mapajani. Nililitazama dirisha langu likienda.

Ndani ya ndege mama alijibana kwenye ukuta, na mume wangu akaning'iniza nusu ya mwili wake njiani, kila anayepita akimgonga kiwiko. Wote wawili walinipa migongo.

"Ambia papa ya mutoto afunge mukaba yake," mama akasema, akilitazama bawa la ndege.

Mume wangu alikuwa amesikia. Angekuwa kiziwi ndio asingesikia. "Ambia mama, asante, nilishafunga," akajibu.

"Mama, amefunga," nikasema.

"Aksanti," mama akasema, akangoja. Nikaelewa. Nikamgeukia mume wangu nikamwambia mama anashukuru.

Ndege ilipopaa mtoto akapiga kelele, nadhani masikio yalimuuma. Alilia akijinyoosha mpaka miguu yake ikapiga kiti cha mbele. Mama mmoja mwenye kiti hicho akageuka, akanitazama mimi. Nyuma yetu mwanamume mmoja akatoa pumzi ndefu. "Oh là là," akasema, kana kwamba mimi ndiye ninayelia.

"Umupe titi," mama akasema.

"Ambia mama, mutoto alishakula mingi. Atatapika," mume wangu akasema.

"Ambia papa ya mutoto, minye nilikomalisha batoto saba."

Sikumwambia mtu. Nilimnyonyesha mtoto, akatulia, na kwa kitambo kidogo nikadhani labda nitafika salama. Bibi mmoja wa upande wa pili wa njia akaniangalia kwa huruma. "Jikaze, mama," akasema. "Ng'ombe hashindwi na nunduye." Nilimshukuru, ila ng'ombe huyo hajapanda ndege.

Wakaleta chakula, mkate wenye nyama na juisi. Sasa hapo ndipo heshima ilipopata kazi. Mume wangu aliinama njiani akala kama mwizi, akitafuna bila kusogeza taya. Mama alikataa kabisa, akasema hana njaa. Baadaye akajifunika kitenge kichwa kizima, na chini ya kile kitenge nikasikia anatafuna. Meza yangu haikufunguka kwa sababu ya mtoto, kwa hiyo mkate wangu ulikuwa umewekwa kwenye meza ya mama. Nao ukapotelea humo humo chini ya kitenge.

Sikuwa nimekula tangu tutoke Likasi. Nilitaka kulia. Badala yake mtoto ndiye aliyetapika, maziwa yote, kwenye blauzi yangu mpaka kiunoni. Mume wangu alikuwa amesema kweli, na sikumpenda zaidi kwa sababu hiyo. Nilimpa mtoto, nikaacha kitenge changu cha kubebea juu ya kiti, nikapita juu ya magoti yake kwenda choo cha nyuma.

Maji ya choo cha ndege yanatoka kwa huruma. Nilikuwa bado nasugua kifua ndege ilipoanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu sana, bega likanigonga ukutani. Mlango ukabishwa.

"Madame! Toka uikale!"

Mhudumu wa ndege alinishika mkono, akanisukuma kwenye kiti cha mstari wa mwisho ambao wahudumu walikuwa wamejiwekea wenyewe, akanifunga mkanda. Nikamwambia mtoto wangu yuko mbele. Akasema hakuna kusimama mpaka taa izimike.

Kiti kile kilikuwa cha dirishani. Nje kulikuwa na mawingu yaliyopasuka, na chini yake msitu na mto wa rangi ya udongo unajipinda. Ndicho nilichokuwa nimekitaka tangu Likasi, na sikukiona, kwa sababu mtoto wangu alikuwa analia na mimi nakijua kile kilio. Si cha njaa. Ni cha kunitafuta.

Niliviona vichwa vyao kwa mbali. Mkono wa mume wangu ulikuwa juu, unachezesha funguo za nyumba. Mtoto hakuzitaka funguo. Pembeni, ng'ambo ya kiti changu kilichobaki wazi, kilemba cha mama kilikuwa kimeelekea dirishani, hakisogei. Mwanamke aliyelea watoto saba, anayeweza kumlaza mjukuu wake kwa kumgusa tu mgongo, alikaa pale na mikono mitupu akisikiliza. Nilijua inamuuma. Nilijua mume wangu naye anatoka jasho. Lakini nilikasirika mpaka meno yakauma. Niliwakasirikia wote wawili, nikawakasirikia na mababu waliobeba desturi hii kutoka Kasai wakati wangeweza kubeba kitu kingine. Mpe tu! Mpokee tu! Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwapigie kelele mbele ya ndege nzima.

Kilio kikakatika.

Niliogopa. Mtoto anayelia ni mzima. Anayenyamaza ghafla hujui. Nilifungua mkanda, mhudumu akanifokea, nikaenda nikishika kiti baada ya kiti. Nilipofika, mtoto alikuwa kifuani mwa mama, amelala mdomo wazi, mkono mmoja umeshika shanga za bibi yake. Mume wangu alikuwa ameketi wima kama mwanafunzi, mikono juu ya magoti, macho mbele. Kati yao kiti changu kilikuwa kitupu, na juu yake kitenge changu kimetandikwa vizuri, pembe zote nne.

"Nani alikupatia mutoto?" nikamuuliza mama.

Mama akasema, akimwangalia mtoto, "Hakuna muntu alinipatia. Minye nilimuokota pa kiti."

"Minye nilimulalisha tu pa kiti," mume wangu akasema, akiangalia mbele. "Mikono ilikuwa inachoka."

Hakuna aliyemgusa mwenzake. Hakuna aliyemsemesha mwenzake. Hata wazee wakali zaidi wa Kasai wasingepata sababu ya kudai mbuzi wa faini.

Nilisimama njiani nikikitazama kile kiti. Nikakumbuka miezi yote ile: nimebeba sahani ya bukari, ugali wetu, kutoka mkono huu kwenda mkono ule, nimeamka na homa kupokea mtoto mlangoni na kumpeleka hatua mbili, nimerudia maneno ambayo kila mtu alishayasikia. Na kazi yote hiyo kumbe inawezwa na kiti. Sikucheka. Watu nikiwasimulia sasa wanacheka, lakini siku ile hasira ilinipanda mpaka kooni.

"Ikala basi," mama akasema, akaanza kukunja kitenge.

"Kiache," nikasema.

Nikarudi nyuma. Mhudumu aliniona uso, akanipisha. Niliegemea dirisha nikiwa na blauzi mbichi na njaa, nikalala, si kwa raha, kwa hasira tu. Hakuna aliyekuja kuniita.

Niliamshwa na magurudumu kugonga chini Kinshasa. Watu wakasimama wote kwa pamoja, wakavuta mizigo yao, wakatoka. Wangu hawakusogea. Nilipowafikia, mama alikuwa ameketi na mtoto, ambaye ameamka na anachekelea kilemba. Mume wangu alikuwa amesimama chini kabisa ya rafu yenye begi la bluu la mama, lililojaa viwavi wakavu wa kula wa kumpelekea dada, na mikono yake haikuwa na kitu. Walikuwa wananingoja.

"Ambia papa ya mutoto ashushe ile sac yangu ya bleu," mama akasema.

"Ambia mama, za bleu ziko mbili. Ni ile kubwa?"

Kwa mazoea nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Muambie kiti," nikasema.

"Unasema nini?" mama akauliza.

"Kiti njo hii. Ilibapitishia mutoto, itabapitishia na sac."

Nikachukua mkoba wangu peke yake, nikapita. Mlangoni joto la Kinshasa likanipiga usoni. Nilishuka ngazi bila mtoto, bila begi, bila biberon, na mikono yangu haikujua ikae wapi. Chini nikasimama, na moyo ulikuwa unadunda, maana sijawahi kumjibu mama yangu namna ile. Nilisema moyoni, wakikaa humo ndani mpaka ndege irudi Lubumbashi, shauri yao.

Wakatoka wa mwisho. Mama mbele na mtoto, mume wangu nyuma yake kwa mbali na lile begi kubwa la bluu. Mama aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akayumba kidogo.

"Mama, pole pole," mume wangu akasema. "Ngazi iko na maji."

Aliyasema akiangalia mbinguni. Mama hakugeuka. Alimrekebisha mtoto begani, akashika chuma cha ngazi.

"Nimesikia, mwanangu," akasema.

Nilisimama pale chini, mikono mitupu, na hakuna aliyeniambia nimwambie mtu.