Mvua ya Mwezi wa Saba

Jirani yangu hapa Namatala, Mbale, husaga chakula cha kuku. Akiwasha mashine asubuhi, harufu ya dagaa walioharibika inaingia mpaka kitandani, nami narudi ufukweni kwetu, karibu na Jinja, kwenye nyavu kuukuu tulizotandika mchangani.

Mama alipofariki, baba akiwa ametangulia, niliacha shule nikashika kazi yake ya kuanika dagaa, ambao sisi tuliwaita mukene. Shangazi alikuja kutoka Nakaloke, karibu na Mbale, kuwachukua wadogo zangu wawili. Nilimsihi aniachie giza moja tu, yaani zile siku za mwezi kutoonekana, ambapo dagaa hufuata taa za wavuvi. Nikiweza kuwalisha, watoto wabaki kwangu. Akakubali.

Ulikuwa mwezi wa saba, na kwetu mwezi wa saba ulikuwa wa jua. Kila mwanamke alichukua turubai lake la kufunikia dagaa wakati wa mvua akalifanya kivuli cha jiko. Mimi nilisita kuliondoa la mama. Mama Zaituni, jirani aliyeanika kando yetu, alicheka mpaka akashika kiuno.

"We mtoto, unataka kulifunika jua?"

Nikaliondoa.

Mvua ilikuja mchana kweupe, ikarudi kesho yake, ikarudi tena. Tulizoa dagaa kwa mabeseni, kwa sketi, mdogo wangu wa kiume kwa kofia, huku wakituteleza vidoleni kama sabuni. Jua lilipotoka, nzi walikuwa wametutangulia.

Hajji, mnunuzi wetu kutoka Mbale, alichukua dagaa mmoja akamkunja. Dagaa wa kuliwa na watu huvunjika kwa mlio. Wetu alipinda tu.

"Binti yangu, huyu bado anaogelea."

Wanawake walicheka. Nami nilicheka, kwa adabu. Hajji akawachukua dagaa wote kwa bei ya chakula cha kuku. Shangazi alikuwa amefika. Alianza kukunja nguo za watoto.

Kwa miaka nilimkasirikia Mama Zaituni. Ukubwani ndipo nilipokumbuka vizuri: siku ile naye alikuwa amepiga magoti matopeni, akizoa wake. Hakunidanganya. Alinipa alichokijua, na alichokijua hakikufaa tena.

Nilihamia Mbale niwe karibu na wadogo zangu. Ufukwe ule umemezwa na ziwa, wavuvi wametawanyika. Mdogo wangu wa kiume, sasa kijana, bado huniuliza tutarudi lini kuanika. Zamani ningemtajia mwezi wa saba.