Ndege Aliyepiga Mluzi wa Maina

Mimi si mtu wa ndege. Ndege ninayemjua vizuri ni kuku, na huyo namjua akiwa ameshaiva. Kwa hivyo mkinisikia nikieleza habari za Nduta wa ghorofa ya kwanza na ndege wake, mjue nilijifunza shingo upande, miaka kumi na moja ya kuuza sukuma wiki chini ya dirisha lake hapa Lucky Summer.

Nduta alikuja Nairobi kutoka Kangema akiwa msichana, akafagia ofisi moja kule Westlands karibu miaka thelathini. Ofisi ile ilikuwa na bustani, na kulikuwa na mama mmoja wa uhasibu aliyekula chakula chake cha mchana huko nje, darubini shingoni. Siku moja Nduta akamuuliza anaangalia nini. Basi, hapo ndipo alipopotelea. Wenzake walistaafu na saa za ukutani. Yeye aliondoka na darubini kuukuu yenye ukungu kwenye jicho moja, na mazoea ya kuandika kila ndege katika daftari la shule: tarehe, saa, mahali, ameonekana ama amesikika. Kwake kusikika na kuonekana vilikuwa na uzito mmoja. Alinieleza kwamba watu wa ndege wote huandika hivyo, maana ndege wengi hawapendi kujionyesha.

Akaanza kuuza miche ya mipapai na maua kando ya mto, hapo nyuma ya ploti yetu. Mto wenyewe ni maji meusi na mifuko ya plastiki, na harufu ambayo ukikaa sana huisikii tena. Lakini Nduta alikuwa anaona vitu. Ndege fundichuma akijenga nyumba ya vijiti kubwa kama karai. Kwarara wakipita asubuhi na kelele zao. Mwewe wakielekea machinjioni Kiamaiko kugombania matumbo ya mbuzi. Siku moja aliniita mbio, nikaacha wateja wamesimama, kumbe ni chozi, kidege cha kijani kisichozidi kidole gumba. Nilimwambia waziwazi kwamba akiniita tena kwa ajili ya kitu kisichojaza hata kijiko, tutakosana. Alicheka mpaka akashika kiuno. Hatukukosana.

Mwanawe alikuwa Maina, mmoja tu. Maina alilinda kiwanda kimoja upande wa Mukuru kwa Njenga, zamu ya usiku, na asubuhi alirudi kwa miguu. Sasa, lango la ploti yetu hufungwa kwa kufuli, na mwenye ploti hutoa ufunguo mmoja kwa kila nyumba, hataki kusikia habari ya kuchonga mwingine. Wa kwa Nduta ulikaa na Nduta. Maina akifika nje ya lango alipiga mluzi, sauti tatu zikipanda na ya nne ikishuka, na mama yake akafungua dirisha akamrushia ufunguo ndani ya soksi, usije ukapotelea mtaroni. Dirisha lao linatazama barabara. La kwangu liko chini yake kabisa, hatua nne kutoka langoni. Hakuna kinachopita pale nisikisikie.

Kando ya lango kuna kichaka, na ndani yake anakaa kurumbiza. Tumbo lake lina rangi ya chungwa, kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho. Huyo ndege ni mwizi wa sauti. Aliiba kengele ya mtu wa maziwa, akaiba honi ya boda boda, na mwishowe akaiba mluzi wa Maina. Nduta aliwahi kudanganyika akaurusha ufunguo, akachungulia, hakuna mtu, ndege tu kwenye tawi. Ploti nzima tulicheka wiki nzima. Alinieleza kwamba kurumbiza hahami. Kichaka chake ndicho nyumba yake, na anachoimba ni kile alichokisikia hapo hapo.

Sasa niseme langu. Mimi ni Msabato. Siku sita za juma niko sokoni kabla jua halijatoka, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kulala hadi saa moja kabla ya kujitayarisha kwenda kanisani. Miaka miwili iliyopita, Ijumaa moja ya Januari jioni, Maina alisimama kwenye kibanda changu akielekea kazini, akaniuliza mbele ya wateja kama sukuma zile ni za leo ama za jana. Alikuwa anatania. Wateja wawili wakaweka chini walichoshika wakaenda zao. Nilimwonyesha meno, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Jioni ile ile Nduta alikuja kuniomba. Kila Januari watu wa ndege huenda kwenye mabwawa ya maji taka kule Ruai kuhesabu ndege wa majini, na gari lingemchukua saa kumi na moja alfajiri. Maina hangekuwa na mtu wa kumrushia ufunguo. Je, ningemfungulia? Nikamwambia asijali, nenda ukahesabu bata wako.

Saa kumi na mbili na nusu nilisikia mluzi. Nilikuwa macho. Nikajifunika. Nikasema acha apige, kijana mwenye mdomo mrefu, apige mpaka umkauke, ndipo nitatoka na kumuuliza kama mimi ni wa leo ama wa jana. Akapiga tena. Akapiga tena na tena na tena. Kisha kuna gari lilisimama, na mluzi ukakatika katikati, sauti mbili tu, na mlango wa gari ukafungwa. Nilipotoka na kanga yangu hapakuwa na mtu. Nikajiambia amepata lifti ya kwenda kwa rafiki yake.

Nduta alirudi mchana amechomwa na jua, ana furaha, wamehesabu heroe mia mbili na zaidi na bata wasiokwisha. Akaniuliza kama Maina alifika salama. Haki ya Mungu, sijui kilichoingia kinywani mwangu. Niliona aibu kusema nilimwacha nje kwa sababu ya sukuma. Nikasema hakuja, na kwamba niliamka mapema nikamngoja.

Uongo ule ulikuwa wa kulinda sura yangu kwa siku moja. Nilidhani jioni kijana atatokea, tutagombana kidogo, yaishe. Hakutokea jioni ile. Hakutokea Jumapili. Jumatatu Nduta alipokwenda kuripoti, maneno yangu ndiyo yaliyoandikwa: kijana alitoka kazini saa kumi na moja, nyumbani hakufika. Kwa hivyo wote wakamtafuta upande wa Mukuru. Nduta aliitembea ile njia mara ngapi, mimi siwezi kusema. Aliuliza kila mlinzi wa kila kiwanda. Alibandika picha kwenye nguzo za stima. Aliingia vyumba vya maiti akafunuliwa watoto wa watu. Na kila siku iliyopita ilifanya uongo wangu uwe mzito zaidi kuuinua, na lile gari nalo likaanza kunitisha. Watu wanaochukua kijana asubuhi mbele ya lango lake wanaweza kurudi kuchukua aliyesikia. Nikanyamaza. Niliogopa, na niliona haya, na sijui ni kipi kilikuwa kikubwa.

Lakini kurumbiza hakunyamaza. Kila alfajiri, mluzi wa Maina, pale pale, hatua nne kutoka kitandani kwangu. Nilianza kulala na pamba masikioni na bado niliusikia. Jumamosi nilikuwa natoka saa kumi na moja nikakae ndani ya kanisa tupu. Niliwahi kukivamia kichaka kile kwa ufagio. Ndege akaruka juu ya ukuta, akangoja nichoke, akarudi.

Na Nduta, kila mluzi ukilia, alifungua dirisha akarusha soksi. Asubuhi nilikuwa naikuta mbele ya kibanda changu, ufunguo ndani, na mimi ndiye wa kumpelekea juu. Nilidhani akili yake imeanza kuyumba. Siku moja nikapiga moyo konde nikamwambia polepole kwamba yule ni ndege. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Najua ni ndege, Mama Clare. Namjua kabla yako. Lakini kuna siku haitakuwa ndege, na mimi nitakuwa nimeshazoea kupuuza."

Nikamwachia ufunguo wake, nikashuka.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Opicho, yule mzee anayeongoza kundi lao la kuhesabu, alimwomba Nduta madaftari yake ya zamani ayanakili. Nduta akayapitia kwanza. Alhamisi, saa nne asubuhi, wateja hakuna, akashuka na madaftari mawili, akaketi kwenye kreti ya soda mbele yangu. Sikupenda jinsi alivyoketi. Akanisomea yaliyoandikwa kabla ya Maina kupotea. Kurumbiza, langoni, amesikika, anamwiga Maina, mara moja, kamili. Kesho yake vivyo hivyo. Juma lililofuata vivyo hivyo, mara moja, kamili. Kisha akafungua Jumatatu ile, siku ya tatu. Siku ile ile aliyokwenda kuripoti, mkono wake ulikuwa umeandika kwa mazoea tu, na akili haikuona: anamwiga Maina mara sita mfululizo, ya sita anaikata katikati. Na tangu siku hiyo, miaka miwili, mara sita, na ya sita imekatwa.

Alieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja namna ya kumwagilia mche. Maina hakuwahi kupiga zaidi ya mara mbili, kwa sababu yeye, mama yake, alikuwa dirishani. Wa kupiga mara sita ni mtu aliyesimama nje na hakuna wa kumfungulia. Na katika majuma yale yote, alfajiri ambayo yeye hakuwepo ilikuwa moja tu.

"Nimemuuliza Opicho," alisema. "Anasema ndege huchanganya anavyotaka, na hakuna mtu anayeweza kuapa kwa neno la kurumbiza. Kwa hivyo sikuulizi habari ya ndege. Nakuuliza wewe."

Opicho alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Nilihitaji kusema maneno matatu tu, ni ndege tu, na Nduta angeyafunga madaftari yake akarudi Mukuru na picha zake. Nilifungua kinywa niyaseme. Mikono yangu ilikuwa inakata sukuma ambazo hakuna aliyeziagiza, na nilijiona nimezikata mpaka zimekuwa unga. Nikaweka kisu chini.

"Alikuja," nikasema. "Nilikuwa macho. Nilimsikia na sikumfungulia."

Nikamwambia yote. Sukuma za jana, kujifunika, gari, mlango uliofungwa, kanga yangu na barabara tupu. Nilimwambia na nilivyoona haya na nilivyoogopa. Ningependa anipige. Ningependa apige nduru watu wajae, nitukanwe mbele ya kila anayenunua kwangu. Aliuliza tu gari lilikuwa la aina gani, nikasema sikuliona, nilisikia injini, si kubwa. Akaniuliza kama kuna lingine.

Kulikuwa na lingine. Hilo nilikuwa nimelificha hata kwa Mungu, Jumamosi zote zile kanisani.

"Kabla ya ule wa mwisho aliniita. Alisema, Mama Clare, nifungulie tafadhali."

Nduta aliinama akawa anatazama miguu yake. Mteja mmoja akaja, akatuangalia, akarudi alikotoka. Mimi nilikuwa nalia, yeye halii. Kisha akasimama, akajifunga leso kichwani, akaniambia nifunge kibanda twende kituoni, maana yaliyoandikwa kule si kweli.

Tulitembea yeye mbele mimi nyuma. Mwendo ni wa robo saa. Njiani alisimama mara moja, karibu na mashimo ya mawe, akiwaangalia wale makorongo wakubwa wa jalalani, na kwa mazoea nilingoja anitajie kitu. Hakunitajia. Nilijua hatanitajia tena.

Kituoni tulingoja kwenye benchi mpaka saa sita. Askari aliyetupokea alikuwa kijana, amechoka, akafungua kitabu kikubwa cha matukio akauliza ni nani anayetaka kubadilisha maelezo. Nduta akanionyesha kwa kidevu. Askari akaniuliza jina, nikasema Kezia, nikampa na kitambulisho. Akaandika. Kisha akamgeukia Nduta, kalamu imesimama, akamuuliza mimi ni nani kwake, ni jamaa ama ni jirani.

"Huyu," Nduta akasema, "ndiye mtu wa mwisho ambaye mtoto wangu alimwomba msaada."

Askari akaniangalia, akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, andika.