Seva ya Ndugu Wawili

Salem alikuwa na wivu, tena wivu wenye ratiba. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka lake la vipuri vya pikipiki pale Rohero, alikaa mbele ya kompyuta akaangalia jana yake mdogo wake Amjad aliuza nini kule Cibitoke.

Ilikuwa rahisi. Maduka yote mawili yalitumia seva moja aliyoiacha marehemu baba yao, na hifadhidata zote mbili, yaani bei, wateja na mauzo, zililala humo kwenye folda moja. Aliyefungua yake aliiona na ya mwenzake. Amjad akiuza vizuri, Salem hushinda amenuna. Akiuza vibaya, Salem huwaagizia wafanyakazi wote chai na sambusa. Siri hiyo hakumwambia mtu, hata mkewe.

Taabu ni kwamba mwaka huu Amjad alikuwa akiuza vizuri tu. Salem akileta minyororo ya Uhindi, haupiti muda Amjad naye anayo. Akipunguza bei ya taa, kule nako inapungua. "Kikulacho ki nguoni mwako," akajisemea, akawa na hakika kwamba mdogo wake anamchungulia. Nani amjuaye mchunguliaji kama mchunguliaji mwenzake?

Akamwita Houda, binti wa shangazi yao, ambaye ndiye aliyeitunza seva.

"We Houda, tenganisha hizi base. Kila mutu akuwe na kwake, na disque yake ya kuwekea vitu, na mot de passe yake ya kufungulia. Mutu asiingie kwa mwenzake."

"Amjad anajua?"

"Mi ndo mukubwa."

Houda alizitenga siku hiyo hiyo. Kesho yake Salem akakaa, akafungua, akakuta duka lake peke yake. Akatafuta juu, akatafuta chini. Akampigia simu Houda.

"Ya Amjad iko wapi?"

"Iko kwake, kaka. Si ulisema mutu asiingie kwa mwenzake?"

Salem akakata simu. Wiki nzima aliuza kwa hasira, akimfokea kila mteja aliyeomba kupunguziwa.

Ijumaa baada ya swala walikula kwa mama yao, Bi Nafisa, sinia moja, kila mtu akila upande wake. Amjad alikuwa amenyong'onyea.

"Kaka, ile base yako siioni tena," akasema. "Mi nilikuwaka naiangalia kila asubui. We unaleta nini, unauza bei gani, na mi nafanya vile vile. Baba alikufa mi nikiwa kwa masomo, hakunifundisha hii kazi. Ni we ulinifundisha. Sasa sijui nitafanya namna gani."

Mama akamtazama mwanawe mkubwa kwa fahari. Salem akarudisha tonge kwenye sinia. Mauzo yote yaliyomnyima usingizi yalikuwa matunda ya akili yake mwenyewe. Alijua la kusema: kwamba atamwambia Houda azirudishe pamoja. Akafungua mdomo.

"Wiki hii umeuza vizuri?" akauliza.